Saba Yenye Mkanda

Wanafunzi walimwita Madamu Nusu, na yeye mwenyewe alijua. Jina lilitokana na kalamu yake nyekundu, ambayo haikuona taabu kumpa mtu alama nne na nusu, sita na nusu, na mara moja, katika tukio ambalo chuo kinalisimulia mpaka leo, nusu peke yake. Alifundisha takwimu, somo lisilo na marafiki wengi. Ukimwona alivyokuwa mdogo wa umbo, na ile sauti yake ya kubembelezea mtoto, usingedhani kuna vijana wenye ndevu waliokuwa wakikosa usingizi kwa ajili yake.

Matokeo yalikuwa yamebandikwa ukutani jana yake. Asubuhi hiyo foleni ya wenye malalamiko ilianzia mlangoni mwa ofisi yake ikafika mpaka kwenye ngazi, na kila aliyeingia aliingia na uso wa mtu aliyeibiwa. Msichana mmoja alidai ile B itamharibia mpangilio wa gredi zake, maana zote zilikuwa A na zilipendeza zikiwa pamoja. Mwingine alisema hakuwahi kukosa kipindi hata kimoja, kana kwamba alama hutolewa kwa kukalia kiti. Mmoja alikuja na rafiki yake wa kumsaidia kulia. Mwalimu aliwasikiliza wote, akafungua karatasi zao moja baada ya nyingine, akawaonyesha kwa ncha ya kalamu walipokosea, na hakuongeza hata hiyo nusu yake maarufu.

Kisha akaingia kijana mwenye miwani ya jua kichwani, akaketi bila kukaribishwa.

"Madamu, mimi ni mtu wa A."

"Karatasi yako ni ya C."

"Ndiyo maana nimekuja."

Mwalimu akauma mdomo asicheke. Akamfungulia swali la tatu, lile lenye jedwali refu. "Hapa umekosea kujumlisha. Unaona? Jumla ikikosewa, kila kinachofuata kinatoka kombo. Lakini njia uliyofuata ni ya sawasawa, kwa hiyo nimekunyima alama za jumla tu, za njia nimekupa zote. Kosa moja, adhabu moja. Ningetaka kukukomoa, hata hiyo C usingeiona."

Kijana alitazama karatasi, akamtazama Mwalimu, akasema basi angalau angefikiriwa kwa juhudi. Akaambiwa juhudi zake zimeshafikiriwa na ziko humo humo kwenye C. Aliondoka akinung'unika kwamba atakwenda mbele zaidi, mpaka kwa mkuu wa idara, na Mwalimu akamtakia safari njema.

Alipoinuka kumwita anayefuata ndipo alipomwona mtu aliyeketi mwisho wa benchi, koti jeupe limekunjwa mapajani, magoti yake yamebanwa na mabegi ya wanafunzi. Moyo ukampiga kama kawaida yake kila alipomwona mwanamume huyo. Halafu akakumbuka hii ni saa ya kazi, kwamba mchumba wake hajawahi kumfuata ofisini hata siku moja, na kwamba ni jana tu matokeo yalibandikwa. Furaha ikamkauka.

Mwanamume huyo alikuwa mfamasia. Walikutana dirishani kwake, siku Mwalimu alipokwenda na homa na karatasi ya daktari, akapewa bahasha ya vidonge iliyoandikwa kwa mkono. Kila saba kwenye bahasha ile ilikuwa imekatwa kwa kamstari katikati. Mwalimu, pamoja na homa yake, akauliza kwa nini. Mfamasia akamjibu kwamba kwenye dawa, mtu akisoma moja mahali pa saba anaweza kuumia, kwa hiyo yeye saba zake huzivalisha mkanda zisije zikavuka kwa jirani. Vidonge viliisha. Bahasha mpaka leo ilikuwa ndani ya kabati, chini ya vitambaa vya kichwa, na Mwalimu asingekubali kumwonyesha mtu.

Alisubiri mpaka wanafunzi wawili waliobaki wakaambiwa warudi mchana. Akafunga mlango.

"Wewe nawe unalalamikia nini?" Alijaribu utani.

"Nimetumwa," mfamasia akasema.

Hakuhitaji kueleza sana. Mdogo wake, binti aliyeitwa Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga tumbo la mama yao, alikuwa mwaka wa pili katika darasa la Mwalimu, na alikuwa amepata thelathini na nane. Kufaulu ni arobaini. Sasa angekalia mtihani wa marudio wakati wenzake wako likizo. Tangu jana Kitinda alikuwa amejifungia chumbani. Mama yao, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa ameishusha ile nguo aliyokuwa akiishona kwa ajili ya Mwalimu, akaikunja, akaiweka juu ya kabati bila kusema neno. Na Shangazi alikuwa amefika na begi, maana yake haondoki upesi.

"Shangazi anasemaje?" Mwalimu akauliza.

"Anasema mwanamke anayemfelisha wifi yake kabla hajaingia nyumbani, akishaingia atatufelisha wote." Mfamasia alitazama mikono yake. "Anasema Jumamosi ndugu wa pande mbili hawana sababu ya kukutana. Mama hajasema hivyo. Lakini hajasema vinginevyo."

Ndugu wa pande mbili walikuwa wakutane Jumamosi, tarehe kumi na saba, wapange siku ya ndoa. Mwalimu akaketi.

"Kwa hiyo umekuja kuniomba."

"Nimekuja ili nikirudi niseme nilifika, na nisiwe nimedanganya. Kuomba siombi." Aliinua macho. Yalikuwa macho ya mtu aliyelala vibaya, lakini yalimtazama kwa upole ule ule wa siku zote. "Leo nikikuomba ukanipa, nitakuwa nimeoa mtu mwingine, si wewe."

Mwalimu alitaka kumshika mkono. Akaona ni ofisini, akaushika mkono wake mwenyewe.

"Nimewaeleza nyumbani," mfamasia akaendelea, "kwamba karatasi zenu hazina majina, zina namba tu. Nikamwambia Mama hukujua ipi ni ya Kitinda, ukasahihisha kama za watu wote. Shangazi akacheka. Basi nikamwapia Mama, mbele ya Shangazi. Si ndivyo? Hukujua?"

"Sikujua," Mwalimu akasema.

Jibu lilimtoka haraka kuliko alivyozoea kujibu jambo lolote. Mfamasia hakuona. Uso wake ulichanua, akasema basi yamekwisha, Shangazi ataongea mpaka achoke na Jumamosi iko pale pale. Mlangoni aligeuka, akamtazama kidogo zaidi ya inavyompasa mtu anayekwenda kazini, akavaa koti lake akaondoka.

Ukweli ni kwamba alijua.

Alijua tangu siku ile alipokuwa akisahihisha nyumbani, kanga mabegani na rundo la karatasi mezani, ilipomtokea saba yenye mkanda. Halafu nyingine, na nyingine tena. Kitinda alifundishwa kuandika na kaka yake, baada ya baba yao kufariki na mama yao kuwa mtu wa cherehani toka asubuhi mpaka jioni. Darasa zima hakukuwa na mwingine mwenye saba za namna ile. Kwanza Mwalimu alitabasamu, maana aliona kama vile mchumba wake amepita chumbani. Kisha akaogopa. Akajiambia, huyu nisije nikampendelea. Akajiambia hivyo mara kadhaa, akaikaza kalamu mkononi, akaanza kusahihisha.

Sasa, ofisini, alifungua kabati la karatasi kwa nia moja tu, ya kujituliza. Alitaka aione ile thelathini na nane ilivyo ya haki, akili imtulie, aende akale. Aliipata karatasi, akaanza kuisoma mwanzo mpaka mwisho. Swali la kwanza lilikuwa sawa. La pili lilikuwa bovu kweli, Kitinda alikuwa ameandika hadithi mahali pa hesabu. La tatu, lile lenye jedwali refu, alikuwa amekosea kujumlisha.

Alikuwa amekosea kujumlisha, na baada ya hapo amefuata njia, hatua kwa hatua, bila kuteleza. Na kalamu nyekundu ilikuwa imechora mstari mmoja kutoka kwenye kosa mpaka chini ya ukurasa, ikaandika sifuri.

Mwalimu akachukua karatasi ya kijana wa miwani, akaiweka ubavuni. Kosa lilikuwa la aina moja. Mmoja amepewa alama zote za njia, mwingine hakupewa hata nusu. Hata nusu, na yeye ndiye Madamu Nusu. Akajumlisha upya kwa penseli. Kwa alama zile Kitinda alikuwa amefaulu, si kwa mbwembwe, lakini amefaulu.

Alikaa pale muda, viganja usoni. Aliona aibu, nayo haikuwa aibu ya kuonwa na watu, kwa kuwa hakuna aliyemwona. Alikuwa amejisifu moyoni, wiki nzima, kwamba ameshinda kishawishi. Kumbe alimchapa mtoto wa watu ili ajione mwadilifu.

Angeweza kuiandika namba mpya, akapeleka masahihisho, na nyumba nzima ya mchumba wake ingeshangilia. Ndicho walichokuwa wanakitaka. Lakini Shangazi angehesabu kwamba Mwalimu amesukumwa akasogea, na mtu aliyesogea mara moja husukumwa tena. Na mfamasia angeamini kwamba amepewa kile alichokataa kuomba, jambo ambalo ni baya kuliko kuomba. Angeweza pia kuinyamazia karatasi, na jina lake likabaki safi kama sahani ya mgeni. Aliitafakari hii ya pili kuliko ya kwanza, kusema kweli. Kisha akapiga moyo konde, akazichukua karatasi zote mbili, akaenda kwa mkuu wa idara.

Mkuu wa idara alikuwa mama wa makamo ambaye huongea polepole na harudii neno. Alizitazama zile karatasi, akasikiliza habari ya uchumba, ya wifi na ya mwandiko. Akauliza kwa nini Mwalimu hakuja kabla ya kusahihisha.

"Nilidhani nitaweza," Mwalimu akajibu.

"Ungekuja kabla, ningekupa mkono," mkuu akasema. "Sasa itabidi nikupe barua ya onyo."

Na haikuwa barua tu. Karatasi za darasa zima zingesahihishwa upya na mwalimu mwingine, asiyeonyeshwa alama za kwanza, maana kalamu iliyopotoka mahali pamoja lazima ikaguliwe kila mahali. Mwalimu alikubali. Alikubali akiwa anajua kwamba kabla ya mchana chuo kizima kitakuwa na habari, na kwamba wote waliomnunia asubuhi watapita wakisema si tulisema.

Hata kwenye ngazi hakuwa amefika. Kijana wa miwani, aliyekuwa akisubiri zamu yake kwa mkuu, alimkimbilia huku akichekelea. Alikuwa amesikia, kuta za idara ni za mbao. Akamshukuru Madamu kwa moyo wake mkubwa. Halafu wazo likampitia, uso ukabadilika.

"Madamu, kwani alama zinaweza kushuka?"

"Zinaweza."

"Basi naomba yangu waiache ilivyo," kijana akasema, na miwani akaishusha machoni.

Nyumbani kwa kina mfamasia, mashine ya kushonea ilikaa karibu na dirisha, na vitambaa vilikuwa kila mahali isipokuwa mahali pa kukaa wageni. Mwalimu alipobisha, sauti ya cherehani ilikatika. Aliingia akawaamkia wakubwa, akajibiwa shingo upande. Mama mtu alikuwa na utepe wa kupimia shingoni. Shangazi alikuwa kwenye kochi, katikati kabisa, amelijaza. Juu ya kabati Mwalimu aliiona nguo yake imekunjwa, rangi ya kijani kibichi, mkono mmoja ukining'inia.

Alikuwa ameandaa maneno njiani. Yote yakamtoka kichwani, akasema kama yalivyokuwa. Alijua karatasi ni ya Kitinda. Aliogopa kumpendelea, na katika kuogopa akamwonea. Amekwenda mwenyewe kwa mkubwa wake kusema, na karatasi imepewa mtu mwingine.

Shangazi ndiye aliyetangulia kusema, kama ilivyotarajiwa.

"Sasa safari yote hiyo ya nini?" aliuliza. "Si ungeongeza tu hizo alama mbili, mambo yakaisha kifamilia?"

"Ningeongeza kwa sababu mmekasirika, Shangazi, siku nyingine mngekasirika tena."

Shangazi alifungua mdomo, akaufunga. Ni jambo ambalo ndugu zake walikuwa hawajalishuhudia kwa miaka.

Mama mtu hakuwa ameyasikia hayo. Alikuwa bado kwenye neno la kwanza. "Ulijua," alisema taratibu. "Mwanangu aliniapia kwamba hukujua. Alisimama hapo ulipo."

"Alisema alichoambiwa, Mama. Yeye hakudanganya. Nimemdanganya mimi."

"Yeye anajua?"

"Nikitoka hapa ndiyo naenda."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Kitinda alitokeza, macho yamevimba, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Alikuwa amesikia yote kupitia tundu la kitasa, na hakuona haja ya kuficha. Akasema yeye hakumlalamikia mtu. Waliolalamika ni wakubwa. Ile jumla alijua ameikosea tangu alipokuwa akitoka kwenye chumba cha mtihani, na swali la pili alijua kwamba hajui.

"Na kama hukujua," Mwalimu akamuuliza, "mbona hukuja ofisini kuuliza? Wenzako wote wamekuja. Muhula mzima sikukuona, nikadhani unanidharau."

"Ningekuja vipi, Wifi? Wangesema nabebwa." Kitinda alifuta pua kwa kiganja. "Hata ukumbini nilikuwa nakaa nyuma ya nguzo ili usiniangalie."

Mwalimu alimtazama yule binti. Mmoja alikimbia msaada, mwingine akakimbia huruma, na wote wawili walikuwa wakilinda kitu kimoja. Akamwambia samahani. Alimwambia kwa jina la wifi, si la mwanafunzi, kisha akaongeza kwamba lile swali la pili hata hivyo lilikuwa baya sana, na wiki ijayo ataketi naye hapa hapa, mezani, mpaka liingie. Kitinda akacheka na kulia kwa pamoja.

Mama mtu alikuwa bado anafikiri. "Na huyo mwalimu mwingine akimpa zile zile thelathini na nane?"

"Basi zitakuwa zake, Mama. Sitaongeza."

Mama mtu akamtazama kwa muda, kama fundi anavyotazama kitambaa kabla ya kukitia mkasi. Aliinuka, akanyoosha mkono juu ya kabati, akaiteremsha nguo ya kijani. Akaikung'uta. Hakutabasamu, na hakusema amesamehe, maana hakuwa mtu wa maneno hayo.

"Njoo nikupime bega," alisema. "La kushoto niliacha."

Shangazi akasogea kwenye kochi. Alisogea kidogo tu, lakini nafasi ilipatikana.

Jua lilikuwa limeanza kulegea Mwalimu alipofika kwenye duka la dawa. Dirishani kulikuwa na watu, akajipanga nyuma yao, nyuma ya mzee mwenye kikohozi na mama aliyebeba mtoto. Ikampitia kwamba leo ni zamu yake kupanga foleni na shida yake mkononi, asijue atajibiwaje. Mfamasia alimwona mapema. Akampa tabasamu la haraka, lile la watu wawili wenye siri katikati ya kadamnasi, akaendelea kuandika juu ya bahasha. Mwalimu aliona bora tabasamu lile lisingekuwepo.

Zamu yake ikafika.

"Nikusaidie nini, dada?" mfamasia akauliza kwa utani.

"Asubuhi nilikwambia sikujua," Mwalimu akasema. "Nilijua."

Kalamu ya mfamasia ilisimama. Hakukuwa na mtu nyuma, lakini alichungulia kana kwamba watu wapo. Akainuka, akatoka kwa mlango wa pembeni, akamwonyesha benchi la wagonjwa. Wakaketi. Katikati yao aliacha nafasi ya mtu mmoja, na nafasi ile ilimuuma Mwalimu kuliko neno lolote alilosikia siku hiyo.

Alimweleza yote, mstari mwekundu, mkuu wa idara, barua ya onyo, na nyumbani. Mfamasia alisikiliza akitazama sakafu. Alipouliza, hakuuliza habari ya alama.

"Nilimwapia Mama."

"Najua. Nimemwambia kosa ni langu."

"Kwa nini hukuniambia pale pale? Mimi, Mwalimu. Mimi hukuniambia."

"Ulikuwa unanitazama vizuri sana," Mwalimu akasema. "Nikaona nikisema utaacha."

Mtu alikuja dirishani kuuliza dawa ya macho, mfamasia akaenda akamhudumia, akarudi. Mwalimu aliona kwamba amerudi akaketi karibu kidogo kuliko mwanzo, lakini hakuthubutu kuhesabu hilo kuwa kitu.

"Hapa kazini," mfamasia akaanza, polepole, "kuna siku niliandika bahasha vibaya. Nikagundua yule mama ameshatoka. Nilitoka hapa mbio na koti langu, dirisha wazi, watu wameganda kwenye foleni, nikampata kwenye kona pale akiwa anatafuta maji anywe. Bosi wangu alinipa onyo, kisha akanipa mkono. Akasema kuandika vibaya kutatokea. Mtu wa kufukuza ni yule anayejua ameandika vibaya, akakaa kusubiri mgonjwa arudi."

Akamgeukia. Macho yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha.

"Umenikimbilia siku hiyo hiyo," akasema. "Lakini usinifanye tena niape juu ya kitu ambacho wewe unakijua."

"Sitafanya tena."

"Uliujuaje mwandiko wenyewe? Karatasi ni nyingi hivyo."

Mwalimu alitazama pembeni. Aibu nyingine ilimjia, hii tamu. "Saba," alisema. "Zina mkanda. Za kwako ninazo kwenye bahasha, kabatini, tangu ile homa."

Mfamasia alimwangalia, na taratibu, kwanza machoni kisha mdomoni, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafunika uso kwa mkono wa koti. Ile nafasi ya mtu mmoja ikapotea, na hakuna kati yao aliyeona ni nani aliyeipoteza.

"Na Jumamosi?" Mwalimu akauliza baada ya kitambo, begani kwake.

"Shangazi atalalamika."

"Alete kwa maandishi. Atasikilizwa kwa zamu."

"Unajua atafika wa kwanza."

Walikaa hivyo mpaka mtu mwingine akagonga dirisha. Mfamasia akainuka. Mwalimu naye akainuka, akanyoosha nguo, akamwambia aandike tarehe mahali aende nayo nyumbani, kwa sababu siku ya leo imemchanganya na hataki kukosea hesabu tena. Kalenda alikuwa nayo kwenye simu, na mfamasia alijua. Lakini akachukua bahasha tupu ya vidonge, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha, akaandika kumi na saba. Moja ikasimama peke yake. Saba akaivalisha mkanda, akaukaza.